Wasimamizi wa Mitambo na Elimu ya Kuandika Programu

Kazi ambayo dalili ya kufanikiwa kwake ni kimya ina taabu mbili: mwenye kuifanya hasifiwi siku ya salama, na hulaumiwa siku ya msiba. Ndiyo hali ya wasimamizi wa mifumo ya kompyuta. Katika ofisi za serikali ya Tanzania huitwa maafisa TEHAMA, na midomoni mwa wenzao wa kazi huitwa watu wa aiti. Wao ndio wawashao seva na kuzizima, watengenezao mitandao, watunzao nakala za akiba, walindao milango ya hifadhidata, na waamshwao usiku wa manane simu inapolia kwa sababu mahali fulani mtambo umezimika. Benki inapofunguliwa asubuhi na hesabu zikawa sawa, hapana aulizaye ni nani aliyekesha. Hesabu zikipotea, jina lake hutafutwa kabla ya chai.

Katika miaka ya karibuni watu hawa wamepewa amri mpya. Wanaambiwa kwamba haitoshi tena kujua kuendesha mitambo kwa mkono. Sharti wajue kuandika programu, ili mitambo iendeshwe kwa maandishi. Wanaambiwa pia kwamba asiyejifunza atapitwa na wakati, na kiti chake kitakaliwa na mwingine. Amri hiyo ni haki kwa nusu yake, na ni dhuluma kwa nusu yake. Ni haki kuwataka wajifunze. Ni dhuluma kuwataka wajifunze usiku, kwa fedha zao na kwa usingizi wao, jambo ambalo faida yake ya kwanza humwendea mwajiri mchana. Hoja inayotetewa hapa ni hiyo tu: elimu hii ni sehemu ya kazi, na muda wake wapasa kutoka katika saa za kazi.

Kwanza yafaa kueleza jambo lenyewe, maana wengi hulisifu au kulilaani pasipo kulijua. Zamani msimamizi aliketi mbele ya seva moja, akaandika amri, akangoja jibu, kisha akaandika amri ya pili. Seva zilipokuwa tatu, kazi hiyo iliwezekana. Zilipofika mia tatu, mkono ulichoka na kumbukumbu ilidanganya: seva moja ikawa na programu ya mwaka huu, jirani yake ikawa na ya mwaka juzi, wala hapana aliyejua tofauti hiyo ilianza lini. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, Mark Burgess alitunga programu aliyoiita CFEngine. Kazi yake ilikuwa kuyasoma maandishi ya msimamizi, na kuiweka kila kompyuta katika hali iliyoelezwa humo. Baada yake zikaja nyingine: Puppet mwaka 2005, Chef mwaka 2009, Ansible mwaka 2012, na Terraform mwaka 2014. Mwaka 2009 huo huo, katika mji wa Ghent nchini Ubelgiji, Patrick Debois aliitisha mkutano wa watunga programu na waendesha mitambo. Kutokana na mkutano huo likaenea jina DevOps, ambalo liliunganisha katika neno moja kazi mbili zilizokuwa zikitazamana kwa mashaka.

Asomaye sarufi ya Kiswahili ataifahamu siri ya programu hizo upesi kuliko wengi. Kuna tofauti baina ya kusema "andika jina hili katika orodha" na kusema "jina hili liwe limeandikwa katika orodha". Ya kwanza ni amri ya tendo. Ya pili ni tamko la hali inayotakiwa. Amri ya kwanza ikitolewa mara mbili, jina litaandikwa mara mbili, na orodha itaharibika. Tamko la pili likisomwa mara mia, jina litabaki moja, kwa kuwa msomaji wake hutazama kwanza kama hali imekwisha timia. Ikiwa imetimia hafanyi neno, ikiwa haijatimia huitimiza. Kiambishi -me- hubeba katika silabi moja wazo ambalo mafundi wa lugha nyingine huhitaji sentensi nzima kulieleza. Programu za kusimamia mitambo zimejengwa juu ya wazo hilo. Msimamizi wa zamani alinena kwa amri, "funga", "fungua", "ondoa"; msimamizi wa sasa hutakiwa anene kwa hali, "iwe imefungwa", "iwe imefunguliwa", "isiwepo". Kuhama kutoka namna moja ya kunena hadi nyingine si jambo la kujua kitufe kipya. Ni kubadili fikira, na fikira haibadiliki kwa barua ya mkurugenzi.

Je, ni lazima kuhama? Wapo wazee wa kazi wasemao kwamba mkono wao haujapata kuwaangusha, na kwamba maandishi haya ni fahari ya vijana. Hao wanastahili jibu lenye staha, na jibu lipo katika kisa cha kampuni ya Marekani iliyoitwa Knight Capital, ambayo kazi yake ilikuwa kununua na kuuza hisa kwa kompyuta. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni hiyo iliamka na programu mpya. Programu ilikuwa imepelekwa kwa mkono katika seva 8, lakini seva moja haikupelekewa. Ndani ya seva hiyo mlikuwa na programu kuukuu ambayo kampuni iliacha kuitumia mwaka 2003, na alama iliyokusudiwa kuiwasha programu mpya iliiamsha ile kuukuu. Kwa muda wa dakika 45 hivi mtambo ulinunua na kuuza hisa ambazo hapana mtu aliyezitaka, zaidi ya mara milioni 4. Hasara ilizidi dola milioni 440, na mwaka uliofuata kampuni hiyo iliunganishwa na nyingine.

Tume ya Marekani isimamiayo masoko ya hisa ilitoa uamuzi wake mwaka 2013, na maneno yake ni somo kwa kila ofisi. Ilisema kwamba hapakuwa na fundi wa pili aliyeikagua kazi ya yule wa kwanza, wala hapakuwa na utaratibu ulioandikwa uliotaka ukaguzi huo. Asubuhi ya msiba, kabla ya soko kufunguliwa, mtambo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 zilizotaja kosa, na hapana aliyezitendea kazi. Mafundi walipohangaika kutibu, waliiondoa programu mpya katika seva 7 zilizokuwa salama, na ugonjwa wa moja ukawa ugonjwa wa zote. Fundi yule hakuwa mvivu wala mjinga kwa kadiri ijulikanavyo. Alikuwa mtu aliyeachiwa kuhesabu kwa kichwa jambo ambalo lilipasa kuhesabiwa kwa maandishi. Maandishi yangepeleka programu ile ile katika seva zote nane, kisha yangeiuliza kila seva kama imeipokea, na yangekataa kuendelea moja iliponyamaza. Mkono hodari hauwezi kujiuliza hivyo kila mara, kwa sababu mkono husahau na huchoka.

Wala jambo hili si la masoko ya hisa ya Marekani peke yake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo fedha za mama muuza samaki zimekuwa tarakimu ndani ya seva asizoziona. Nchini Tanzania mwananchi hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, naye hulipa kwayo kodi, ada na ushuru wa serikali. Mfumo usipofunguka, mgonjwa husimama dirishani na mwanafunzi hukosa kujisajili. Huambiwa "mtandao hakuna", na neno hilo limekuwa jibu la kila swali. Nyuma ya neno hilo mara nyingi yupo mtu mmoja aliyeshika simu, anayejaribu kukumbuka ni amri gani aliyoiandika mwezi uliopita. Yeye akiwa safarini au kitandani, ofisi nzima hungoja apone.

Kwa hiyo amri ya kujifunza ni ya haki, na msimamizi aikataaye kwa sababu ya kiburi hulikosea taifa. Ujuzi wa kuiponya seva si hirizi ya kufungwa mkononi na mtu mmoja. Ulipatikana katika saa zilizolipwa, juu ya mitambo ya umma au ya kampuni, nao wastahili kuandikwa mahali ambapo mwenzake atausoma. Afichaye ujuzi ili asifukuzwe hujenga ulinzi wake juu ya hatari ya watu wengine. Baada ya kusema hayo kwa wasimamizi, ni insafu sasa kuwageukia wakubwa wao, maana hao ndio wenye deni kubwa zaidi.

Tazama namna amri hii inavyotolewa. Mkuu wa idara hurudi kutoka katika semina, akaitisha kikao, akatamka majina ya programu kumi, akasema kwamba kufikia mwisho wa mwaka kila mtu awe anazijua. Zamu hazipunguzwi. Simu za usiku hazipunguzwi. Fungu la mafunzo halipo. Mtu akiuliza atajifunza lini, hujibiwa kwamba mwenye bidii hupata wakati. Maana ya jibu hilo, likivuliwa nguo zake, ni kwamba atajifunza baada ya kazi. Yaani mtu ambaye kazi yake yenyewe humwita usiku, aambiwa atumie usiku huo huo kuwa mtu mwingine.

Uchovu katika kazi hii si malalamiko ya wavivu. Una historia iliyoandikwa. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, ambayo hutunza maandishi ya watunga programu wa nchi nyingi, msimamizi mmoja alikuwa amekwisha sema kwamba angefunga kazi kwa kuwa saa zimekwenda. Tatizo la hifadhidata likazuka, akabaki. Katika hangaiko hilo akafuta mafaili ya seva kuu akidhani yumo katika seva ya pili. Alipong'amua na kuikatiza amri, karibu gigabaiti 300 zilikuwa zimekwisha potea. Nakala za akiba zilizotegemewa zikaonekana hazifai; za namna moja zilikuwa zikishindwa kimyakimya, na barua za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichookoa ni nakala iliyofanywa kwa mkono saa 6 kabla, na mabadiliko ya hifadhidata ya saa hizo 6 yalipotea. Kampuni hiyo ilifanya jambo la kusifiwa: ilikitangaza kisa chote hadharani, hatua kwa hatua, ili wengine wajifunze. Somo mojawapo liko wazi. Mtu aliyechoka hawezi kuaminiwa hata na mikono yake mwenyewe. Basi ni hekima gani inayomtaka mtu huyo huyo, saa hiyo hiyo, afungue kitabu na kujifunza lugha ya Python?

Tena elimu ya usiku huchagua watu kwa mizani isiyo ya haki. Haichagui mwenye akili wala mwenye bidii. Humchagua mwenye nafasi. Kijana asiye na familia, akaaye karibu na ofisi, mwenye umeme usiokatika na fedha ya bando, ataweza. Mama mwenye watoto wadogo, ambaye kazi yake ya pili huanza anapofika nyumbani, hataweza, hata akiwa na akili mara mbili ya huyo kijana. Baba aondokaye Posta jioni na kufika Mbagala usiku, baada ya kusimama ndani ya daladala, hataweza vema. Mwisho wa mwaka mkuu wa idara atasema kwamba kijana ana juhudi na hao wawili hawana. Atakuwa amepima umbali wa nyumba na idadi ya watoto, akaviita vipimo hivyo kipaji. Na kwa kuwa wanawake ni wachache katika kazi hii, mizani hiyo itawapunguza wachache hao, kisha watu wataulizana katika makongamano kwa nini hawaonekani.

Kampuni zilizoanza jambo hili zamani hazikulifanya hivyo. Google, mwaka 2003, ilianza kuwapa watunga programu kazi ya kusimamia mitambo yake, chini ya Ben Treynor Sloss. Kitabu kilichotolewa na watumishi wa kampuni hiyo mwaka 2016, Site Reliability Engineering, kinaeleza sharti ambalo waigaji wengi wameliruka. Kazi za kuendesha mitambo, kama kupokea simu za hatari, kujibu maombi na kurekebisha kwa mkono, zisizidi asilimia 50 ya muda wa kikosi. Muda uliobaki ni wa kuandika programu. Kazi za mkono zikizidi kiasi hicho, ziada hurudishwa kwa watunga programu walioileta huduma hiyo, nao huonja ladha ya walichokipika. Sharti hilo halikutokana na huruma. Lilitokana na hesabu. Mitambo ikiongezeka, kazi za mkono huongezeka pamoja nayo. Na kikosi kisichopewa muda wa kuzipunguza kwa maandishi kitazidi kuhitaji watu mpaka fedha ziishe, au kitazidi kuchoka mpaka msiba utokee. Muda wa kuandika ndio unaoipunguza kazi ya kesho. Aunyimaye leo kwa kusema kwamba kazi ni nyingi, anahakikisha kwamba kesho zitakuwa nyingi zaidi.

Itasemwa kwamba hayo ni ya matajiri, na kwamba ofisi yenye wasimamizi wawili haiwezi kutoa nusu ya siku zao. Hapana amtakaye atoe nusu. Atoe alasiri moja kila juma, isiyoguswa na kikao wala na printa iliyokwama, mmoja akishika zamu na mwenzake akiandika, na juma lifuatalo wabadilishane. Katika alasiri chache za kwanza wanaweza kuandika skripti moja tu, ya kujaribu kama nakala za akiba zinarudishika kweli. Skripti hiyo moja, kwa kisa cha GitLab tulichokwisha kukisoma, ina thamani kuliko cheti kilichotundikwa ukutani. Tena ofisi ndogo ndiyo yenye haja kubwa kuliko kubwa. Katika ofisi ya watu mia, mmoja akiugua wapo tisini na tisa. Katika ofisi ya watu wawili, mmoja akiugua nusu ya maarifa yote imelala hospitali.

Itasemwa pia kwamba mtumishi akifunzwa ataondoka, akauze ujuzi wake kwingine. Hoja hii husemwa kwa sauti ya busara, lakini imesimama kichwa chini. Yupi aondokapo huacha pengo zaidi? Aliyefanya kazi kwa mkono huondoka na kila kitu, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kichwani mwake; anayemrithi hukuta mashine zilizonyamaza na nywila zilizosahauliwa. Aliyefanya kazi kwa maandishi huondoka yeye, na maandishi yake hubaki. Mrithi huyafungua, akasoma seva ngapi zipo, kila moja iweje, nani alibadili nini, siku gani, na kwa sababu gani. Chombo cha Git, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi historia hiyo yote mstari kwa mstari. Kwa hiyo mwajiri aogopaye kuondokewa ndiye apaswaye kuwa wa kwanza kutoa muda wa kuandika. Anayekataa kufunza kwa kuogopa kuachwa hujiandalia kuachwa mikono mitupu.

Hoja ya tatu ni ya wale wasemao kwamba hapana haja ya kumfunza mtu, kwa kuwa chombo chaweza kununuliwa. Na siku hizi huongeza kwamba ziko programu ziandikazo programu, tena kwa sekunde. Ni kweli ziko, na zinasaidia. Lakini chombo kina tabia moja ambayo muuzaji hapendi kuitaja: hutii kosa kwa wepesi ule ule kinavyotii jambo sahihi. Tarehe 28 Februari 2017 mtumishi wa Amazon mwenye idhini, akifuata utaratibu uliokubaliwa, alitoa amri ya kuondoa seva chache katika mfumo wa kuhifadhi data wa kampuni hiyo kaskazini mwa Virginia. Sehemu moja ya amri iliandikwa vibaya, na seva nyingi kuliko zilizokusudiwa zikaondolewa. Kwa saa nne hivi huduma nyingi zilizoutegemea mfumo huo zilitaabika. Chombo hakikuvunjika, kilitii. Na dawa ilikuwa nini? Kampuni ilikibadili chombo kiondoe seva polepole, na kikatae kushuka chini ya kiasi cha lazima. Mtumishi hakuachiwa tu wasia wa kuwa mwangalifu. Uangalifu wenyewe uliandikwa ndani ya chombo. Lakini ili kuuandika, ilibidi wawepo watu wajuao pamoja namna mtambo unavyoanguka na namna programu inavyotungwa. Mnunuzi wa chombo asiye na watu hao amenunua kisu bila kujua upande wa makali.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, Lisanne Bainbridge, aliliona jambo hili mwaka 1983, katika makala juu ya kinaya cha mitambo ijiendeshayo. Alieleza kwamba kadiri mtambo unavyozidi kujiendesha, ndivyo mtu aliyebaki anavyozidi kuwa wa lazima, maana huachiwa yale tu ambayo mtambo hauyawezi, na hayo ndiyo magumu. Naye huyakabili akiwa amepoteza mazoea ya mkono kwa kukaa bila kuutumia. Alikuwa akizungumzia viwanda na vyombo vya usafiri, lakini maneno yake yamewahusu wasimamizi wa seva barabara. Mashine iandikayo programu yahitaji msomaji. Na msomaji asiyejua kuandika ni kama hakimu asiyejua sheria, ambaye hutia sahihi kila karatasi iliyopangwa vizuri.

Sasa elimu hiyo ifundishweje? Yafaa kuanzia pale msimamizi alipo. Mtu aliyetunza seva miaka kumi na mitano anajua jambo ambalo kijana aliyetoka chuoni na shahada ya programu halijui: anajua vitu huharibikaje. Anajua kwamba diski hujaa usiku wa kufunga mahesabu, kwamba cheti cha usalama huisha muda wake siku ya sikukuu, na kwamba fundi wa umeme huchomoa waya asioujua. Elimu ya programu haiji kuyafuta hayo. Yaja kuyapa kalamu. Aanze na skripti fupi ya kazi anayoirudia kila juma. Aiweke katika Git. Mwenzake aisome na kuisahihisha kabla haijagusa seva, kama rasimu inavyosomwa na mhariri kabla haijagusa mtambo wa kuchapa. Aiandikie jaribio la kuthibitisha kwamba inafanya inachodai. Kisha ndipo ahamie kwenye maandishi ya hali, ya -me-, yatawalayo seva nyingi kwa pamoja. Na afundishwe kwa lugha anayofikiri kwayo. Walimu wa Kiswahili wanao mchango hapa: watu wengi wa kazi hii katika Afrika ya Mashariki huzijadili seva kwa Kiswahili mchana kutwa, kisha hupewa vitabu visivyo na sentensi moja ya lugha hiyo, na kushindwa kwao kukaitwa uzito wa akili.

Mwajiri, kwa upande wake, anadaiwa mambo yasiyo mengi. Aandike saa za kujifunza katika ratiba ya zamu, kama anavyoandika saa za kulinda. Ahesabu maandishi kuwa kazi anapopandisha watu vyeo, ili aliyeondoa tatizo milele asipate daraja chini ya aliyelizima mara hamsini mbele ya macho ya wakubwa. Amlipie mtumishi mafunzo anayoyadai kwake. Wala asimtoe mtu kazini kwa kukosa elimu ambayo hakumpa nafasi ya kuipata. Mambo haya si fadhila. Shamba halimtozi jembe gharama ya kulinoa, na mwenye chombo hawaambii mabaharia washone tanga kwa saa za usingizi wao, kisha akavuna nauli peke yake.

Wasimamizi nao, muda huo ukitolewa, hawatakuwa na udhuru. Atakayeendelea kuficha maarifa yake kichwani baada ya kupewa kalamu, saa na mwalimu, atakuwa amechagua. Lakini kabla ya hapo asihukumiwe. Anayetaka mitambo iandikwe, na ampe mwandishi mchana.